Kielelezo Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Hili ni daftari langu la pili. La kwanza, lenye jalada la bluu, lilibebwa Oktoba na wapelelezi watatu waliofika kwetu asubuhi mama akiwa bado na mswaki mdomoni. Walibeba simu yake, mafaili yake, hata kalenda ya ukutani. Mmoja akainua godoro langu, akakuta daftari, akalitia kwenye mfuko pamoja na vingine. Sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu. Nadhani walilitupa siku hiyohiyo, maana nani ahifadhi mambo ya msichana wa kidato cha tatu anayeandika kuhusu vitabu alivyoazima maktaba?

Naandika tena kwa sababu leo mvua imeanza, na mama ameanza kufagia.

Nieleze kwa mpangilio. Mama alikuwa katibu muhtasi wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka kumi na moja. Meneja wake alishtakiwa kwa kutakatisha fedha: mikopo ilitolewa kwa watu wasiokuwepo duniani, ikapitia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, ikatoka huko ikiwa na risiti nzuri kabisa. Yeye akawa mshtakiwa wa kwanza, mama wa pili. Meneja alikana akapata dhamana. Mama alikosa dhamana, akakaa rumande miezi mitatu, na Januari akakiri kosa. Adhabu yake ni kifungo cha nje cha miezi kumi na minane. Barua ya kumpangia kazi ilichelewa, ndiyo maana ameanza leo: kufagia uwanja wa mahakama, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Uwanja uleule aliopitishwa na pingu.

Sijamwuliza kwa nini alikiri. Mtu asiye na kosa hakiri. Hilo ndilo ninalolijua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mama karudi na viatu vilivyojaa matope, akavipanga mlangoni sambamba kama alivyokuwa akipanga mafaili.

Alhamisi, 7 Machi

Darasani mvulana wa nyuma aliniuliza kama mama anatakatisha na mashati. Watu wakacheka. Ninayekaa naye dawati moja, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akageuka: "Lete lako tuanze nalo, maana kola hiyo inahitaji mahakama." Wakacheka zaidi. Nilitaka kumshukuru lakini kengele ikalia kabla sijapata maneno.

Jumatatu, 11 Machi

Mjomba alikuja kula. Mjomba ni kaka yake mama, fundi viatu, na mtu wa maneno. Alileta kiatu kimoja cha wakili wetu, cha kushoto, chenye soli mpya. Wakili ni kijana tuliyepewa na ofisi ya msaada wa sheria. Hatumlipi, ila mjomba ameapa kwamba viatu vyake havitavuja maadamu kesi ipo.

"Nimeishona haki mguu mmoja," mjomba alisema. "Wa kulia aulete wiki ijayo, asije akaenda mahakamani akichechemea."

Mama alicheka. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba. Kisha akasema jambo ninaloliandika lilivyo: "Siku watakayoniita kwenye kesi ya Meneja nitasema yote. Nilipokiri waliniahidi nitakuwa shahidi. Mimi nangoja siku hiyo tu."

Namjua Meneja kwa jina ambalo mama alimpa zamani: Niko Njiani. Hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alikuwa akipiga simu, "Niko njiani, hebu niingizie," na mama alikuwa na neno la siri la kompyuta la Meneja kwenye kikaratasi ndani ya kasha la miwani. Ofisi nzima ilijua. Mama alikuwa anaingia kwa jina la Meneja, anabonyeza kuidhinisha, anatoka, anaendelea na barua zake. Ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanyika, miaka yote, na mkaguzi alipokuja alipewa chai.

Alhamisi, 14 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Meneja ameachiwa huru. Mahakama ya juu imeamua kwamba wapelelezi waliingia ofisini na majumbani bila hati ya upekuzi, kwa hiyo kila walichochukua hakifai kuwa ushahidi. Kompyuta, mafaili, taarifa za benki, vyote nje. Wakili ametuambia kwamba kilichobaki ni maneno ya mama peke yake, na maneno ya mtu aliyekiri kushiriki hayatoshi kumtia mtu hatiani yakisimama yenyewe. Upande wa mashtaka umefunga jalada. Mama hataitwa. Ile siku aliyokuwa akiingoja haipo.

"Na mimi je?" mama aliuliza.

Wakili alivua miwani akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Wewe ulikiri, mama. Hukutiwa hatiani kwa zile karatasi. Ulitiwa hatiani kwa kinywa chako."

Kwa hiyo aliyeiba amekwenda nyumbani, na aliyebonyeza anafagia! Na bado sijaandika baya zaidi. Uamuzi ulisomwa palepale saa mbili na nusu, mama akiwa uwanjani na ufagio. Meneja alitoka na watu wake wakipongezana, akaliruka fungu la majani ambalo mama alikuwa amelikusanya, akasema, "Pole na kazi, mama." Kisha akaweka simu sikioni. Mama anasema aliyasikia maneno mawili yaleyale: "Niko njiani."

Mama alinisimulia haya huku akimenya viazi. Kisu hakikutetemeka. Nilitaka kitetemeke.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu wa uraia ameusifu uamuzi. Darasani! Amesema ni uamuzi wa kujivunia, kwamba serikali ikiruhusiwa kuingia nyumbani kwako bila hati, hakuna aliye salama. Redio alinyoosha mkono: "Na mwizi akipona, mwalimu?" Mwalimu akasema hiyo ndiyo gharama. Redio akauliza, "Nani analipa?" Mwalimu akanitazama mimi, halafu ubao, akasema tufungue ukurasa wa sitini.

Nilikuwa na jibu refu kichwani, lenye aya nne. Lilibaki humo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwomba wakili nakala ya uamuzi. Nilimwandikia ujumbe nikaufuta mara sita kabla ya kuutuma. Ana nakala moja tu, kurasa arobaini na tatu, na ameniazimisha. Nitausoma wote kwa penseli mpaka nipate mahali jaji alipokosea. Lazima amekosea mahali.

Jumanne, 19 Machi

Ukurasa wa kumi na nane. Bado hajakosea. Hili linanikera zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Paa linavuja juu ya kitanda changu. Nimeweka ndoo, nimesogea ukutani, nimesoma aya ya 31. Inaorodhesha vitu vyote vilivyochukuliwa bila hati. Nainakili hapa sehemu moja:

"Kielelezo namba 14 ni daftari lenye jalada la bluu, mali ya mtoto wa aliyekuwa mshtakiwa wa pili, lililotolewa chini ya godoro la mtoto huyo. Upande wa mashtaka umekubali kwamba nakala ya ukurasa mmoja wa daftari hilo ilionyeshwa kwa mama yake akiwa rumande, siku moja kabla ya kukiri kosa. Suala la kukiri huko haliko mbele ya mahakama hii."

Nimeisoma mara nyingi. Sikuhitaji kuuliza ni ukurasa gani. Naukumbuka kwa sababu niliona nimeuandika vizuri. Niliuandika kama mazungumzo, tena kwa alama za kunukuu:

"Leo Niko Njiani kapiga tena simu. Mama kaingiza majina matatu. Akasema, 'Hata mmoja sijawahi kumwona.' Nikamwuliza, 'Sasa kwa nini unayaingiza?' Akasema, 'Kula chakula chako.'"

Alhamisi, 21 Machi

Sikwenda shule. Nilisema tumbo linauma. Mama aliporudi kutoka kufagia nilimpa ule ukurasa wa uamuzi, kidole changu kikiwa kwenye aya ya 31. Aliusoma amesimama, mvua ikimchuruzika kwenye nywele.

"Kwa hiyo wameandika," alisema.

"Mama, ulikiri kwa sababu yangu?"

Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni. Alichukua muda kuvua viatu.

"Walikuja wawili na karatasi. Mwandiko niliujua kabla sijausoma. Wakaniambia huyu ndiye shahidi wetu wa kwanza, tutampandisha kizimbani aeleze mama yake alisema nini mezani. Nikakufikiria wewe. Wewe ambaye nikikutuma dukani ukikuta foleni unarudi mikono mitupu. Nikakuona umesimama pale, mawakili wanakuuliza, mimi nimekaa kule upande wa pili. Nikawaambia lete hiyo kalamu."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba daftari lako limenifunga? Ungeandika tena maishani?"

Nililia. Kisha nikauliza swali ambalo lilikuwa linanitisha zaidi. "Hukunikasirikia?"

"Wiki nzima," mama alisema. "Nilikukasirikia wiki nzima, nikilala na ukuta. Halafu nikaona hukuandika uongo hata mmoja. Ni kweli uliuliza. Ni kweli nilikuambia ule chakula chako. Wewe peke yako ndiye uliyewahi kuniuliza, na hivyo ndivyo nilivyokujibu."

Miezi miwili nimeishi naye nikimwona mwizi wa kiwango cha chini. Nilikuwa nikimpa sahani bila kumtazama usoni. Naandika ili nisijisahaulishe.

Ijumaa, 22 Machi

Ile hasira yangu ilikuwa na anwani moja. Sasa ina anwani tatu: Meneja, wapelelezi, na mimi mwenyewe. Tena nimegundua kwamba jaji niliyekuwa nikimtafutia kosa ndiye mtu pekee katika kesi hii nzima aliyeandika kwamba godoro lile lilikuwa langu.

Jumapili, 24 Machi

Wakili alikuja kuchukua kiatu cha kulia. Nilimwonyesha aya. Akakiri kwamba alisoma kurasa kumi za mwanzo na tano za mwisho; ana kesi sitini na mbili. Nilimchukia kwa dakika kama tano. Kisha nikaona soksi zake, zote mbili zina matundu na hazifanani, nikashindwa kuendelea.

"Hii inabadilisha mambo," alisema. "Kama alikiri kwa kutishwa na kitu kilichochukuliwa bila hati, hakukiri kwa hiari. Tunaweza kuomba kule kukiri kufutwe. Tuna siku thelathini tangu uamuzi utoke. Kumi zimekwisha."

"Tunahitaji nini?" mjomba aliuliza.

"Kiapo cha mwenye daftari. Aseme ni lake, lilikuwa wapi, hakuna aliyemwomba ruhusa. Na jaji akitaka kumwuliza, asimame aulizwe."

Wote wakanitazama. Ndoo chumbani ikadondokewa, tap, tap.

Mama akasema, "Hapana."

Jumanne, 26 Machi

Mama: hapana.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua siku tisa mfululizo. Uwanja wa mahakama umekuwa bwawa na mama anaambiwa afagie hivyohivyo. Karani mmoja alisimama barazani na kikombe chake akamwonyesha kwa kidole majani yaliyokuwa yakielea. Majani yanayoelea! Anataka yafagiliwe wapi?

Nimeongea na mama tena kuhusu kiapo usiku huu wa mvua. Anasema amekwishazoea. Anasema miezi kumi na minane kutoa miwili ni kumi na sita tu.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo imetoka. Sijui ilitoka wapi. Mama alikuwa anapanga viatu vyake mlangoni na mimi nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Ulikiri ili nisisimame. Sasa kila mtu ananisimamia. Redio ananijibia darasani, wewe unanifagilia mahakamani, na yule mpelelezi amenisomea daftari langu. Mimi nitafanya nini mwenyewe, mama? Nile chakula changu?"

Mjomba alikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Akaendelea kupiga msumari kwenye kisigino taratibu sana.

Mama alimaliza kupanga viatu. Kisha akasema, "Sitaki kupita mlango aliopitia yule. Ataonekana kaachiwa na mimi nimeachiwa, wote tumefanana. Mimi nilibonyeza kweli, mwanangu. Majina yale nilikuwa na mashaka nayo na nilibonyeza. Ninachotaka ni kuulizwa. Niseme nilivyobonyeza na nilivyoambiwa nibonyeze. Kule kukiri kwangu kulikuwa maneno mawili tu, 'ni kweli,' hakimu akageuza karatasi."

"Basi tuwaombe wakuulize," nilisema.

"Dada," mjomba akasema, "mruhusu mtoto. Viatu vya kuvaa siku hiyo nitamtengenezea mimi. Akitetemeka, visigino havitalia."

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeapa. Mbele ya kamishna wa viapo, mama wa makamo mwenye mafua, aliyegonga muhuri bila kunitazama. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Wakili alikimbia kuwasilisha, viatu vyake vyote viwili vikiwa vizima. Siku moja kabla ya mwisho.

Ijumaa, 19 Aprili

Mtihani wa hesabu. Mbaya.

Jumatatu, 29 Aprili

Nitaandika taratibu.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na feni ilikuwa inalia kwenye kila mzunguko. Mama alikaa mbele yangu. Wakili wa serikali, kijana nadhifu, alisema mama ni mtu mzima, msomi, alielewa mashtaka na akasema "ni kweli" kwa sauti iliyosikika. Alisema daftari ni "karatasi tu ya mtoto." Alisema hakuna aliyempiga mtu.

Jaji ni mama mwenye mvi fupi. Akauliza, "Mwenye daftari yupo?"

Nilisimama. Viatu havikulia.

"Hili ni la nani?" Alikuwa ameliinua. Jalada la bluu, na lebo nyeupe imebandikwa juu ya jina langu.

"Langu."

"Sema kwa sauti, mwanangu, feni hii haina adabu."

"Langu, mheshimiwa."

"Uliliandika kwa ajili ya nani asome?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya godoro na saa na idadi ya wapelelezi. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nikajibu tu. "Sikumwandikia mtu. Niliandika ili nisimwambie mtu. Mimi siwezi kuongea na watu, kwa hiyo nilikuwa naandika. Wao walichukua mahali pangu pa kunyamazia wakapageuza mdomo, wakampelekea mama yangu. Wangeniuliza, mheshimiwa. Nilikuwa nimesimama palepale mlangoni nimevaa sare. Hakuna aliyeniuliza hata jina."

Wakili wa serikali akainuka kutaka kusema kitu. Jaji akamwonyesha kiganja.

"Una lingine?"

"Mama naye hajaulizwa," nikasema, nikaketi kabla sijaruhusiwa.

Uamuzi Mei 14. Nje mama alinishika mkono mpaka kituo cha basi, kama alivyokuwa akifanya nikiwa darasa la kwanza, na Redio akituona atanitangaza mwezi mzima, na sijali.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Mama bado anafagia.

Jumanne, 14 Mei

Kukiri kumefutwa. Jaji amesema kinywa kilichofunguliwa kwa mali ya wizi hakikufunguka kwa hiari. Kesi irudi kama haijaanza. Palepale wakili wa serikali akasimama, akasema hawana nia ya kuendelea nayo.

"Maana yake nini?" mama alimwuliza wakili wetu kwenye korido.

"Umeachiwa, mama! Huna kosa, huna adhabu. Imekwisha."

"Nimesikia. Nauliza nani ataniuliza kuhusu yale majina."

Wakili alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Hakuna. Bila zile karatasi hakuna kesi. Kwako wala kwake."

Mama alitikisa kichwa. Wanachama mia nane wa kile chama hawajapata akiba zao. Meneja, mjomba kasikia kazini kwake, ameandika barua kudai mishahara ya miezi aliyosimamishwa. Jaji wa ule uamuzi wa Machi hakukosea, nilimsoma kurasa zote. Mwalimu wa uraia naye hakukosea. Na bado jambo hili lote ni baya, kutoka juu mpaka chini, na mtu akiniambia limekwisha vizuri nitamjibu. Kwa sauti.

Mama alikwenda stoo ya mahakama kurudisha ufagio. Karani, yule wa majani yanayoelea, akamwambia auweke tu hapo. Mama akakataa. "Nilikabidhiwa kwa saini, nitaukabidhi kwa saini." Karani akacheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka, akatafuta kalamu. Mama alisoma karatasi yote kabla ya kuondoka nayo. Alikuwa amenyooka kama siku zile za ofisini.

Halafu ikawa zamu yangu. Karani alitoa daftari la bluu kwenye bahasha na fomu ya kurejeshewa mali. Kitu: daftari moja. Mwenyewe: nikaandika jina langu. Safu ya mwisho iliuliza hali ya kitu kinaporejeshwa. Wengine juu yangu wameandika "kizima," "kizima," "kimevunjika kioo."

Nikaandika: "Kimesomwa."

Karani aligeuza fomu akaitazama. "Hiyo siyo hali, binti."

"Ndiyo hali yake," nikasema. "Naomba nakala."